Kusaidia kituo cha paka wakati watoto wanapofurika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa hasa kwa wakazi wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani. Wanaoishi ughaibuni wana swali lao huko chini, ila habari za joto, maziwa na dawa ni zilezile popote ulipo.

Msimu wa watoto wa paka ni lini?

Ulaya na Amerika ya Kaskazini jibu ni rahisi. Paka jike huingia kwenye joto (hutaka dume) mchana unaporefuka, kwa hiyo watoto huanza kuonekana mwezi wa tatu au wa nne na hawakomi mpaka karibu mwezi wa kumi. Kwetu mambo ni mengine. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta na Dar es Salaam karibu nyuzi 7, na mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Mwili wa paka haupati ishara ya kupumzika, na watoto huzaliwa mwezi wowote.

Hesabu yenyewe ni hii: jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, huibeba siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Kinachotengeneza "msimu" huku ni mvua zaidi ya uzazi. Masika yakianza, viota vya kwenye mitaro, chini ya mabanda ya sokoni na nyuma ya matangi hujaa maji, na watoto huletwa vituoni kwa mkupuo, wamelowa na wamepoa.

Nimekuta watoto wa paka peke yao. Niwalete?

Usiwaguse kwanza. Mama paka huacha kiota saa kadhaa kwenda kutafuta riziki, na watoto walioshiba hulala kimya wamelaliana. Ukiona matumbo ya mviringo, manyoya makavu na hakuna kilio, wana mama. Wengi wanaoletwa kama yatima hawakuwa yatima mpaka walipookotwa.

Kaa mbali, mita 10 au zaidi, ikiwezekana nyuma ya ukuta au dirisha, kwa kuwa mama akikuona hatarudi. Kama huwezi kusubiri, nyunyiza unga wa ngano au sembe duara jembamba kuzunguka kiota, uondoke, urudi baada ya saa 2 na tena baada ya saa 4. Ukikuta alama za nyayo kwenye unga, mama alipita. Watoto wakiwa wakavu, wana joto na mahali ni salama, unaweza kusubiri hata saa 8.

Mahali pakiwa pabaya (mtaro unaojaa, jua la moja kwa moja, njia ya siafu, uvunguni mwa gari) wasogeze mita chache tu, uwaweke ndani ya boksi lililolazwa ubavu pakavu na penye kivuli. Mama atafuata sauti yao. Ile dhana kwamba paka humkataa mtoto aliyeguswa na binadamu kwa kawaida si kweli.

Wachukue mara moja iwapo ni baridi ukiwashika, wamelegea, wamechafuka kwa kinyesi, wana mayai ya nzi au funza, wanalia mfululizo kwa saa nzima, au una hakika mama amekufa. Na kama mama yupo na anakubali kushikwa, mlete pamoja nao. Hakuna mlezi anayemshinda: anatoa joto, maziwa na usafi saa 24 bila kuomba zamu.

Nitajuaje umri wao?

Macho yamefumba na masikio yamelala: hajatimiza wiki, uzito kati ya gramu 90 na 150. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno madogo ya mbele yakichomoza na akitembea kwa kuyumba, ana wiki 3, gramu 350 hivi. Chonge zikitokeza, wiki 4, gramu 450. Wa wiki 8 anakaribia kilo moja. Ukitutumia picha, mweke karibu na kiberiti. Picha bila kipimo haitusaidii kukadiria.

Mbona mnasema hamna nafasi na vizimba vinaonekana vitupu?

Kizimba kitupu mara nyingi kiko karantini. Panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaoweza kuua mtoto wa paka ndani ya siku moja au mbili tangu aanze kuugua, hukaa kwenye sakafu, nguo na viatu kwa muda mrefu sana, hata mwaka. Paka mgeni hukaa siku 14 mbali na wenzake. Kizimba alichofia mgonjwa huoshwa kwa sabuni kwanza, kisha hupakwa Jik iliyochanganywa ml 30 kwa lita moja ya maji, ikaachwa imelowa dakika 10, halafu ikasuuzwa. Ukimwaga Jik juu ya uchafu haiui kitu, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu.

Sababu ya pili ni mikono. Mtoto wa wiki ya kwanza asiye na mama hula kila baada ya saa 2, usiku na mchana, yaani mara 12. Kumlisha, kumkojoza, kumpima na kuosha chuchu ya chupa huchukua kama dakika 15. Watoto wanne ni saa nzima kila zamu, na saa 12 kwa siku. Uzazi mmoja usio na mama unameza nusu ya siku ya mtu, na kituo kinaweza kupokea wa namna hiyo watatu kwa wiki moja. Ndiyo maana mlezi wa muda mmoja anatufaa zaidi ya vizimba vitano vya msaada.

Nataka kulea kwa muda. Nijiandae na nini?

Boksi la katoni lenye kuta ndefu, taulo mbili tatu au kanga kuukuu, chupa ya maji ya moto, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, mabomba ya sindano ya ml 1 na ml 5 (bila sindano yenyewe) au chupa ndogo yenye chuchu, pamba, maziwa ya unga ya watoto wa paka, na daftari. Mizani ndiyo watu huidharau, na ndiyo inayookoa maisha. Utajua mtoto anadhoofika kwa kuona namba, siku moja kabla hujaona kwa macho.

*Joto.* Wiki ya kwanza kiota kiwe nyuzi 30 hadi 32, wiki ya pili na ya tatu kama 27 hadi 29, wiki ya nne 24 hivi. Watu wa pwani hudhani jua la kwetu linatosha. Mchana huenda likatosha. Usiku feni inawashwa, sakafu ni ya simenti, alfajiri mtoto ameganda. Mtoto wa siku chache hawezi hata kutetemeka kujipasha. Jaza chupa ya soda maji ya moto yasiyochemka (yakichemka chupa hujikunja na kuvuja), ivingirishe kwa kanga, iweke upande mmoja tu wa boksi ili akisikia joto limezidi aweze kusogea. Badilisha kila saa 2 au 3.

*Kiasi cha maziwa.* Kwa siku nzima mpe ml 20 hadi 25 kwa kila gramu 100 za uzito wake, ukigawa kwa idadi ya milo. Mlo mmoja usizidi ml 4 kwa kila gramu 100, maana tumbo halibebi zaidi. Mtoto wa gramu 150 anahitaji ml 30 hadi 37 kwa siku. Kwa milo 12 ni karibu ml 3 kila mlo. Wiki ya pili lisha kila saa 3, ya tatu kila saa 4, ya nne kila saa 5 au 6. Maziwa yawe na joto la mwili: tone likidondoka kwenye kifundo cha mkono usisikie moto wala baridi.

*Namna ya kumshika.* Tumbo chini, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Usimlaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu. Maziwa huingia kwenye mapafu, na nimonia ya namna hiyo hupona kwa nadra. Bomba lisukume tone kwa tone, ukisubiri ameze. Chuchu ukiigeuza chini, maziwa yadondoke polepole. Yakimiminika, tundu ni kubwa. Yakitoka puani acha, mwinamishe kichwa, mfute, umpumzishe kabla ya kuendelea.

*Baada ya mlo.* Mpaka wiki ya tatu hawezi kujisaidia mwenyewe. Lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, mpapase taratibu sehemu za siri na za haja mpaka akojoe. Mkojo uwe wa rangi hafifu. Wa njano iliyokolea ni ishara ya upungufu wa maji.

*Uzito.* Pima kila siku saa ileile. Aongeze gramu 10 hadi 15. Asipoongeza siku moja, angalia maziwa na joto. Akipungua, piga simu siku hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Maziwa ya ng'ombe hayafai kabisa?

Hayafai. Yana laktosi nyingi kuliko ya paka, na protini na mafuta pungufu. Mtoto huharisha, na kuharisha ndiko kunakomaliza maji ya mwili wa gramu 200. Ya mbuzi huyamudu kidogo zaidi, lakini hayamkuzi. Ukiwa umeokota usiku na maduka ya dawa za mifugo yamefungwa, ORS isiyo na ladha, iliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, inaweza kumshikilia kwa mlo mmoja au miwili. Zaidi ya hapo ni njaa. Maziwa ya unga yakishachanganywa yakae kwenye friji yasizidi saa 24, na yaliyobaki kwenye chupa baada ya mlo yamwagwe.

Amepoa na amelegea. Nimpe maziwa apate nguvu?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloua wengi. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 utumbo husimama. Maziwa hukaa tumboni bila kusagwa, au hutapikwa na kuingia mapafuni. Mpashe kwanza. Mvingirishe kwa taulo uso ukiwa nje, mweke kifuani juu ya ngozi yako au kando ya chupa iliyofungwa vizuri, polepole, saa moja hadi mbili. Usimwogeshe maji ya moto wala usimwelekezee mashine ya kukaushia nywele. Wakati anapata joto, changanya glukosi ya unga na maji ya uvuguvugu, upake matone mawili matatu kwenye fizi kila dakika chache. Maziwa yaje akishapata joto na kuanza kutafuta chuchu. Huku hayo yakiendelea, mtu mwingine ampigie daktari wa mifugo.

Ana viroboto na macho yameganda kwa tongotongo.

Viroboto wengi humnyonya mtoto damu mpaka fizi zinakuwa nyeupe, na anaweza kufa kwa hilo peke yake. Kwa walio chini ya wiki 8 tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Anza na pete ya povu shingoni, la sivyo viroboto wote hukimbilia kichwani. Osha haraka, suuza, chana kwa kitana chenye meno ya karibu, kausha papo hapo, mrudishe kwenye joto. Sabuni isiguse macho.

Tongotongo lilainishe kwa pamba yenye maji safi ya uvuguvugu, ukifuta toka pembe ya ndani kwenda nje, pamba moja kwa jicho moja. Akipiga chafya pia, huenda ni mafua ya paka, na huambukiza wenzake. Jicho lililovimba chini ya kope zilizofumba linahitaji daktari siku hiyo. Kuchelewa ni upofu.

Dawa zipi za nyumbani nisitumie?

Paracetamol, hata kipande. Ini la paka haliwezi kuivunja. Dettol na visafishio vya jamii ya fenoli, kwa kumwogesha au kudekia anapolala. Dawa za viroboto na kupe za mbwa zenye permethrini au amitrazi. Mafuta ya taa. Antibiotiki zilizobaki kabatini. Dawa ya minyoo inahitajika, kuanzia wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili, ila kipimo hutolewa kwa uzito: muulize daktari, usikadirie kwa kijiko.

Nyumbani hapana nafasi. Nichangie nini?

Vitu vinavyoisha haraka ni magazeti, taulo na kanga kuukuu, Jik, sabuni, mabomba ya sindano mapya, maziwa ya unga ya paka na chakula cha kopo cha watoto wa paka. Matenga na vikapu vyenye mfuniko vinafaa kusafirishia. Mchanga wa pwani uliooshwa chumvi na kukaushwa, au magazeti yaliyochanwa, unatosha kwa choo; mchanga wa dukani unaoganda ukilowa usiwape walio chini ya miezi miwili, kwa sababu huula na utumbo huziba. Msilete midoli yenye nyuzi. Uzi uliomezwa hukata utumbo.

Muda pia ni mchango: kufua taulo mara mbili kwa wiki, kupeleka paka kliniki kwa gari, kupiga picha nzuri za waliokaribia kuchukuliwa.

Kuhusu fedha, kabla hujatuma angalia jina linalojitokeza kwenye simu linalingana na jina la kituo, na usione haya kuomba risiti ya kliniki. Njia safi kuliko zote ni kulipia bili moja kwa moja kwa daktari: "nalipia majike wawili kufungwa kizazi." Picha ya paka aliyejeruhiwa pamoja na namba ya simu, pasipo jina la kliniki, haitoshi kukufungulia pochi.

Naona kulisha paka wa mtaani kunatosha. Kwa nini mnasisitiza kufunga kizazi?

Kwa sababu jike aliyeshiba huzaa zaidi na watoto wengi hupona, na mwaka ujao unalisha paka mara tatu ya hao. Endelea kulisha, lakini lisha ili umkamate. Ugali mkavu haumtoshi paka; anahitaji taurini, ambayo iko kwenye nyama na samaki. Dagaa waoshwe chumvi na kuchemshwa, samaki atolewe miiba, na mabaki ya mchuzi wenye vitunguu na saumu yasitumike.

Kumkamata: mzoeshe kula mahali pamoja na saa moja kwa siku kadhaa. Siku ya mtego asile kwa saa 12 kabla, maji abaki nayo. Tandika gazeti ndani ya mtego wa kizimba, weka chambo chenye harufu kali nyuma kabisa ya bamba la kukanyaga linalofunga mlango, na tone dogo mlangoni. Akinaswa, funika mtego kwa kitambaa mara moja; gizani hutulia, kwenye mwanga hujigonga mpaka pua inachubuka. Watoto wadogo wanaokwenda kupasuliwa wasikae na njaa usiku kucha. Saa 2 hadi 4 zinatosha, maana sukari yao hushuka haraka.

Tazama tumbo la jike kabla. Chuchu zilizovimba na manyoya yaliyonyonyolewa kuzizunguka ni ishara kwamba ananyonyesha. Anaweza kupasuliwa hivyohivyo na maziwa hayakatiki, lakini arudishwe kwa watoto mapema iwezekanavyo. Ncha ya sikio la kushoto hukatwa kidogo akiwa usingizini, ili asinaswe tena bure. Ukiona shume au jike mwenye sikio lililokatwa sawasawa, mwache aende zake.

Wengine huuliza kuhusu dini. Wapo wanazuoni walioruhusu pale penye haja na pasipo kumtesa mnyama, na wapo wanaosita. Muulize sheikh wako, ukimweleza pia hali ya watoto wanaofia mitaroni. Ambalo halina mjadala kuwa ni kosa ni kuwatia kwenye kiroba na kuwatupa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Nina mimba, au nina watoto wadogo nyumbani. Kuna hatari?

Zipo zinazoepukika. Vimelea vya toksoplasma kwenye kinyesi huhitaji walau siku moja nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo choo kisafishwe kila siku, na mtu mwingine, si mjamzito. Asipokuwepo mwingine, vaa glovu na unawe. Mapunye hutoka kwa paka kwenda kwa watoto: mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya yaonyeshwe kwa daktari kabla hawajacheza pamoja.

Aliyeng'atwa au kuparuzwa na paka asiyejulikana aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Asipake majivu wala mafuta.

Niko Uingereza, Marekani au Ghuba. Nisaidieje?

Huko uliko vituo vingi hutafuta walezi wa muda kuanzia masika ya kwao, mwezi wa tatu au wa nne, na mara nyingi hutoa maziwa na matibabu. Wewe unatoa chumba na usingizi wako. Kwa nyumbani, usitume maboksi ya vitu. Nauli inazidi thamani yake. Lipia kliniki moja iwafunge kizazi majike wa mtaa mmoja unaoujua, mpaka wote wawe wamefungwa.

Mtoto niliyemlea akue vipi kabla hajaondoka?

Angalau wiki 8, na 10 au 12 ni bora. Kuanzia wiki ya nne mpe chakula cha kopo kilicholainishwa kwa maziwa yake kwenye sahani bapa. Atakikanyaga kabla hajakila, na hilo ni la kawaida. Mshike kila siku kati ya wiki ya 2 na ya 7, kwani ndipo anapojifunza kuwa binadamu si adui. Wa mtaani aliyepitisha miezi mitatu bila kuguswa huchukua kazi kubwa. Chanjo za kwanza ni wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16 au zaidi; ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki ya 12. Kama daktari anapasua mapema, akifikia kilo moja anaweza kufungwa kizazi kabla ya kukabidhiwa. Akiondoka bila kufungwa, andika tarehe ya kumrudisha kwenye karatasi ya makabidhiano na umpigie simu aliyemchukua wiki moja kabla. Ahadi ya mdomo husahaulika akifika miezi minne, na hapo ndipo jike anapoweza kushika mimba.